Kuupima Ujumbe wa Simu: Zoezi kwa Wanafunzi wa Saikolojia

Wanafunzi wa saikolojia hufundishwa kwamba jambo likirudiwarudiwa, watu huelekea kuliamini. Hasher, Goldstein na Toppino walilionyesha hilo mwaka 1977, kabla ya simu za mkononi kuenea. Je, mwalimu wa Kiswahili anaweza kusaidia nini hapa?

Tuchukue mfano wa Ebola mashariki mwa Uganda. Novemba 2022, Wizara ya Afya ilithibitisha kisa Jinja. Januari 2025, ilitangaza kwamba muuguzi aliyefariki Kampala alikuwa ametafuta matibabu Mbale pia. Mwalimu abuni ujumbe mfupi usio na tarehe, kwa mfano: "Inasemekana Ebola imeingia hospitalini." Kisha wanafunzi waupime kwa maswali yafuatayo:

1. Nani anasema? Neno "inasemekana" humficha msemaji.
2. Ni lini? Habari ya Jinja ya 2022 ingeweza kusambazwa Mbale mwaka 2025 kana kwamba ni mpya.
3. Mgonjwa "anashukiwa" au "amethibitishwa"? Anayeshukiwa bado anasubiri majibu ya maabara.
4. Wizara na vyombo vingine vya habari vinasemaje?

Zoezi hili si la darasani tu. Mgonjwa aliyetishwa na uvumi huikimbia hospitali, akauguzwa nyumbani na kuwaambukiza jamaa zake. Mwanasaikolojia atakayeitwa kumtuliza lazima kwanza ajue hofu hiyo imetokana na neno gani, na nani alilisema.