Mbwa wa Jirani na Lango Lisilofungwa

Katika mji wa Kigali, ambao mitaa yake mingi imepanda juu ya vilima na kuzungushiwa kuta hata mpita njia haoni ila mageti na vilele vya miti, mbwa ni mnyama wa uani, aliyewekwa awe mlinzi wa usiku. Walakini lango likiachwa wazi naye akatoka njiani, si mlinzi tena, bali amekuwa shughuli ya mtaa mzima, na hapo ndipo wengi wasipojua waanzie wapi: kwa mwenye mbwa, kwa serikali, au kwa fimbo.

Kwanza yafaa mgeni wa mji huu aifahamu khofu iliyomo ndani ya majirani zake. Mwaka 1994, katika Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi, maiti zilibaki bila kuzikwa na mbwa wakazila, na askari wa RPF, waasi walioyakomesha mauaji hayo, walipoingia wakawa wakiwapiga risasi mbwa hao popote walipowakuta; mwandishi wa Kimarekani Philip Gourevitch, katika kitabu alichokitoa mwaka 1998, ameandika jinsi alivyotambua kwamba Rwanda ilikuwa nchi isiyo na mbwa. Tangu hapo mbwa wamerudi kidogo kidogo, wakifuatana na nyumba mpya za Kibagabaga, Kacyiru na Kicukiro, bali kumbukumbu haikuondoka. Kwa hiyo mtu mzima ambaye, amwonapo mbwa asiye na kamba, huvuka barabara na kusimama ng'ambo mpaka apite, asidhaniwe kuwa mwoga wala mkorofi.

Katika mitaa ya Nyamirambo na Biryogo, ambako Kiswahili na Uislamu vilitia mizizi tangu zama za wafanyabiashara wa pwani na askari wa Kijerumani, kuna sababu nyingine. Wafuatao madhehebu ya Imam Shafi huyahesabu mate ya mbwa kuwa najisi nzito, hata chombo kilichorambwa sharti kioshwe mara saba, mojawapo kwa udongo. Basi mbwa wa jirani aingiapo uani na kutia mdomo katika sufuria ya mtu, amemletea mwenye nyumba taabu isiyofutwa kwa neno la “samahani” peke yake. (Na kwa insafu nitaje, maana wapo wanaoifanya najisi kuwa kisingizio cha ukatili, kwamba hadithi iliyo mashuhuri yamsimulia mtu aliyesamehewa dhambi zake kwa sababu alimnywesha mbwa mwenye kiu maji aliyoyateka kwa kiatu chake.)

Sasa tumtazame mbwa mwenyewe. Mbwa hatoki nje kwa uhuni. Dume asiyehasiwa humnusa jike aliye katika joto kutoka mbali, na joto hilo aghalabu hurudi kila baada ya miezi sita au zaidi na kudumu wiki mbili hata tatu, muda ambao dume huyo atachimba, ataruka, na atasahau jina lake. Mwingine hutoka kwa njaa, kwa kuwa hupewa makombo mara moja tu kwa siku, naye ameshajua jalala liko wapi. Lakini kisa nikionacho mimi kuwa kikubwa kuliko vyote katika miji ya mageti ni mnyororo: mbwa hufungwa mchana kutwa katika kipande cha ardhi kisichozidi urefu wa mkeka, akafunguliwa magharibi, saa ile ile ambayo gari la bwana linaingia na geti limeachwa wazi, hapo afanye nini ila kutoka mbio? Kisha inama utazame chini ya geti lenyewe, kwani mvua za Kigali huuchukua udongo na kuacha pengo, na mara nyingi pengo lipitishalo kichwa cha mbwa hukipitisha na kiwiliwili chake.

Anayekwenda kwa jirani, basi, na aende na habari za namna hii, ambazo ni za msaada, wala asiende na lawama tupu. Na akumbuke kwamba mwenye mbwa huenda anaondoka alfajiri na kurudi usiku, hana habari kabisa kuwa mbwa wake hutembea; ajuaye ni mlinzi na kijana wa nyumbani, ambao ndio hasa washika funguo, nao wastahili salamu na maneno mazuri kabla ya wengine wote. Kisha mwenyewe aambiwe kwa adabu: “Mzee wangu, mbwa wako jana jioni aliwafuata watoto mpaka dukani. Twaomba lango lifungwe, na utuonyeshe cheti chake cha chanjo ili mioyo itulie.” Ombi hilo la cheti lina uzito kuliko malalamiko yote juu ya kubweka, kwa sababu mbwa aliyechanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa akimwuma mtu ni jeraha na ugomvi, na asiyechanjwa huenda ikawa ni mauti.

Jirani asiposikia, njia ya Rwanda yajulikana na kila mkazi: mkuu wa umudugudu, ngazi ya chini kabisa ya utawala, kisha ngazi za juu yake, akagari na umurenge, ambako kuna afisa wa mifugo. Mkutano ufuatao umuganda (kazi ya pamoja) wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi nao ni mahali pema pa kulitaja jambo kwa ujumla, bila kumfedhehesha mtu kwa jina. Palipo na hasara, kama kuku walioliwa au nguo zilizoraruliwa, kuna abunzi, wasuluhishi saba wenye sifa ya uadilifu ambao sheria ya mwaka 2016 iliwapa mamlaka ya kusikiliza madai madogo ya mali kabla hayajafika mahakamani. Hata sheria za maandishi zasema hivyo: katika nchi jirani ya Kongo, kifungu cha 261 cha dekrii ya tarehe 30 Julai 1888 chamtwika mwenye mnyama dhamana ya madhara yake, awe chini ya ulinzi wake au awe amepotea au ametoroka. Rwanda, ambayo nayo iliirithi dekrii hiyo kwa Wabelgiji, mwaka 2019 ilizifuta sheria zote za kabla ya uhuru, lakini sijaona mzee wa mtaa aliyehitaji kifungu ili ajue kuwa kuku wa watu hulipwa.

Wako wasemao: sumu. Hasha. Nyama ya sumu haichagui, huokotwa na paka, na kuku, na mtoto atambaaye. Tena hata kwa hesabu kavu ya afya haifai, kwa kuwa mbwa wakiuawa, nafasi yao hushikwa na wengine wageni wasiochanjwa, na kichaa chaendelea. Kinachokikata kichaa ni kuchanja asilimia 70 ya mbwa wa mahali na kurudia. Kisiwa cha Pemba ni shahidi: kampeni za chanjo zilikitowesha kichaa mwaka 2014, kikarejea mwaka 2016 kikiletwa kutoka nje ya kisiwa, kikazimwa tena kwa chanjo ile ile. Shirika la Afya Duniani lakadiria kuwa watu 59,000 hufa kwa maradhi haya kila mwaka, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na kiasi cha wanne katika kila kumi ni watoto walio chini ya miaka 15.

Kwa hiyo ikiwa mbwa huyo amekwisha kuuma, utaratibu wote nilioutaja na ungoje. Usiende kwa jirani, usiende kwa mkuu wa umudugudu, wala usipake majivu au dawa ya mitishamba. Nenda bombani, fungua maji yatiririke, paka sabuni na uoshe jeraha dakika 15 kamili, hata likiwa mkwaruzo tu na mtoto analia. Kutoka hapo nenda kituo cha afya siku ile ile ukaanze sindano, kwani dalili zaweza kukawia miezi miwili au mitatu, na zikishaonekana hakuna tabibu awezaye kuokoa. Mbwa asiuawe, ila afungwe na kutazamwa siku 10. Akipita siku hizo akiwa mzima, hakuwa na kichaa katika mate yake alipouma, na daktari ataamua kama sindano zilizobaki zahitajika. Mwenye mbwa utamkuta baadaye nyumbani kwake.