Makala hayana kompteri: koperative zetu zianze kuhesabu

Wakubwa wa Kinshasa wakizungumzia nishati, jina linalosikika kwanza ni Inga. Huku Uvira tunataja Ruzizi: kiwanda cha Ruzizi ya Pili kinatoa umeme tangu 1989 kwa nchi 3, Kongo, Rwanda na Burundi. Lakini tuangalie sufuria zetu. Katika Kongo nzima, karibu mtu 1 tu kati ya 5 anapata umeme. Zaidi ya 90% ya nishati ya nchi inatoka kwa kuni na makala.

Sasa shida ni hii. Umeme una kompteri, na mafuta ya gari yanapita kwa duane. Gunia la makala linashuka mlimani kwa mgongo wa mama ao kwa pikipiki, na hakuna anayeliandika. Kwa hiyo wataalamu wanauliza nyumba chache, kisha wanazidisha kwa wingi wa watu. Wakikosea hapo, mpango wa serikali nao unakosea.

Na mpango huo ni wa pesa. Mwaka 2021, Kongo iliahidi kupunguza hewa chafu kwa 21% kufikia 2030: 2% kwa nguvu zake, 19% kwa msaada wa nje. Sehemu kubwa ya hewa hiyo haitoki kwa viwanda, inatoka kwa misitu inayokatwa. Kilo 1 ya makala ya tanuri la udongo inakula kilo 5 mpaka 10 za miti. Mlima ukibaki uchi, hauzuii maji tena. Na mafuriko ya Mulongwe ya Aprili 2020 hakuna aliyeyasahau.

Kila koperative inaweza kufanya hivi:

- Chagueni nyumba 20, na kaye 1.
- Kwa siku 7, pimeni makala asubuhi, pimeni yaliyobaki jioni.
- Andikeni watu wanaokula, aina ya mbabula, bei, na kule makala yanatoka.
- Wanaokausha samaki kwa moshi waandike kilo za kuni na kilo za samaki.
- Rudieni wakati wa mvua na wakati wa kiangazi, juu matumizi hayalingani.

Mukimaliza, pelekeni kopi kwa agronome wa eneo, kaye ibaki kwenu. Siku mukiomba mbabula bora ao miche ya kupanda mlimani, mutakuwa na hesabu yenu mkononi.