Programu inapokiomba kiini cha Linux kiisimbie data

Simu yako inapojiunga na Wi-Fi yenye nywila, hesabu ndefu hupigwa ili anayenusa hewani asiambulie chochote cha maana. Mimi riziki yangu naipata kwa kutunza seva za Linux, na swali linalonishughulisha ni hili: hesabu hizo azipige nani, programu yenyewe au kiini cha mfumo endeshi?

Kiini ndicho kinachoshika kumbukumbu, diski na mtandao. Programu za kawaida haziruhusiwi kugusa mashine moja kwa moja. Zinaomba, nacho kinatenda. Kiini cha Linux kinajua kusimba kwa sababu chenyewe kina haja hiyo, kwa mfano kusimba diski nzima. Mwenye Linux na aandike cat /proc/crypto aone orodha. Kwangu jina la aes, mojawapo ya hesabu za kusimba, linajirudia: kuna aes-generic, inayokwenda kwenye kichakataji chochote, na aes-aesni, inayotumia maelekezo maalumu ya Intel. Kila moja ina namba ya kipaumbele, na kiini huchukua yenye namba kubwa.

Zamani utajiri huo ulikuwa wa kiini peke yake. Kisha Herbert Xu, msimamizi wa sehemu ya usimbaji ndani ya Linux, akaandika njia iitwayo AF_ALG, ikaingia katika toleo la 2.6.38 mwezi Machi 2011. Alitumia soketi, chombo kilekile ambacho programu hutumia kuzungumza na mtandao. Programu inafungua soketi, inataja aina ya kazi, tuseme hash, na jina la hesabu, tuseme sha256. Inaita accept, inapewa soketi ya pili. Ikiandika data humo na kusoma jibu, inapata baiti 32, ambazo ndizo alama ya data ile. Kwa AES inaongezeka hatua ya kukabidhi ufunguo kwanza. Naipenda kazi hii kwa unyofu wake. Tangu Python 3.6, hata mwanafunzi anaweza kuijaribu bila kusakinisha maktaba yoyote ya nje.

Anayenufaika zaidi ni kifaa kidogo. Rauta nyingi zina kichakataji dhaifu na chipu ya usimbaji pembeni yake. Chipu hiyo huendeshwa na draiva iliyo ndani ya kiini, na AF_ALG ni njia mojawapo ya programu kuifikia. Lakini zipo pia programu zinazotumia njia hii bila chipu yoyote. iwd, programu ya Intel ya kuunganisha Wi-Fi, inategemea AF_ALG kiasi kwamba ukijenga kiini bila kipengele hicho inagoma kuanza. cryptsetup nayo huitumia kufungua diski zilizosimbwa kwa TrueCrypt.

Kuna faida nyingine nisiyotaka kuipuuza: ufunguo. Aprili 2014 Heartbleed, kosa katika maktaba ya usimbaji ya OpenSSL, ilitufunulia hatari ya kuweka ufunguo katika kumbukumbu ileile ya programu inayoongea na watu usiowajua. AF_ALG haishughuliki na funguo za jozi, yaani wa siri na wa umma, kama zilizokuwa hatarini wakati ule, kwa hiyo isingeizuia Heartbleed. Hata hivyo, matoleo ya karibuni ya kiini yanairuhusu programu kutaja namba tu ya ufunguo uliohifadhiwa ndani ya kiini, bila kuushika wenyewe.

Sasa gharama. Maelekezo ya AES yaliyoanza kuwekwa kwenye vichakataji vya Intel mwaka 2010 yanaweza kuitwa na programu yoyote, bila ruhusa ya kiini. TLS, itifaki inayolinda mawasiliano ya mtandaoni, hukata data vipande visivyozidi kilobaiti 16, na kila kipande kukipeleka kwenye kiini na kukirudisha ni sawa na kubeba kibaba kimoja cha mahindi hadi mashineni wakati kinu kipo nyumbani. Kwa seva ya kawaida, maktaba kama OpenSSL inatosha.

Na kosa ndani ya kiini si kama kosa ndani ya programu. Programu ikianguka, inaanguka peke yake. Mwaka 2019 ulitangazwa udhaifu CVE-2019-8912: msimbo wa AF_ALG uliachilia kumbukumbu ya soketi, lakini ukaacha kielekezi kikiendelea kuelekea palepale. Tiba ilikuwa mistari michache. Kinachonitia wasiwasi ni kwamba mtumiaji yeyote asiye na mamlaka anaweza kufungua soketi hii, na kwenye mifumo mingi kiini kitapakia moduli zake chenyewe, hata kama kwenye seva hiyo hakuna aliyewahi kuzihitaji.

Kwa hiyo, ndugu msomaji unayetunza seva, andika lsmod utafute majina yanayoanza na algif, ambayo ndiyo moduli za AF_ALG. Hakikisha kwanza kwamba iwd, cryptsetup au programu nyingine yako haizitegemei. Kama hakuna inayozitegemea, zuia algif_hash, algif_skcipher, algif_aead na algif_rng katika /etc/modprobe.d. Kwenye rauta yenye chipu yake, ziache zifanye kazi.