Matairi ya mbio ya zamani yarudi sokoni kwa bei ya juu

KATIKA biashara ya vyombo vya moto, bidhaa iliyopitwa na wakati kwa kawaida hushuka bei mpaka ikaishia kwenye chuma chakavu. Matairi ya magari ya kasi ya miaka ya 1950 hadi 1980 yamekwenda kinyume na desturi hiyo. Huko Ulaya na Marekani zipo kampuni zinazotengeneza upya matairi yenye kashata, ubavu na maandishi yale yale ya wakati huo, na wateja huyanunua kwa bei inayozidi ile ya tairi la kisasa lenye uwezo mkubwa zaidi.

Sababu inayotajwa kwanza ni mapenzi. Mtu aliyeliona gari fulani akiwa kijana, na sasa ana uwezo wa kulinunua, hulitaka likiwa vile vile alivyoliona, tangu taa hadi mpira. Lakini mapenzi peke yake hayatoshi kuwasha mitambo ya kiwanda. Soko hili linaendeshwa pia na jambo ambalo kila mfanyabiashara wa vipuri anapaswa kulielewa: tairi haliwekeki akiba.

Taa ya gari ya mwaka 1970 iliyobaki ndani ya boksi lake huongezeka thamani kadiri miaka inavyopita. Tairi la mwaka 1970 lililobaki ndani ya karatasi yake, halijawahi kugusa barabara, halifai kuendeshewa hata kwenda sokoni na kurudi. Anayetaka tairi la zamani hana budi kutengenezewa jipya. Hapo ndipo biashara ilipozaliwa.

Majina yanayokumbukwa

Ili kufahamu wateja hawa wanatafuta nini, ni vizuri kurudi nyuma kidogo. Kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia matairi ya magari yalisukwa kwa nyuzi zilizopishana kwa mshazari kutoka ubavu mmoja hadi wa pili. Gari lilipokata kona na ubavu ukapinda, uso wa tairi nao ulijikunja na sehemu yake ikaachana na barabara.

Kampuni ya Michelin ya Ufaransa ilipata hataza ya tairi la radiali mwaka 1946 na kuliingiza sokoni mwaka 1949 kwa jina la Michelin X. Nyuzi zake zilipita moja kwa moja kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, na juu yake ukawekwa mshipi wa waya za chuma. Ubavu ukawa huru kupinda huku uso ukibaki umelala barabarani. Tairi likapata joto kidogo na likadumu muda mrefu zaidi.

Pirelli ya Italia ilijibu katika miaka ya 1950 kwa Cinturato, jina lenye maana ya kitu kilichofungwa mshipi. Mshipi wa Cinturato ulikuwa wa nyuzi za nguo badala ya chuma, na tairi hilo likavaliwa na magari ya Ferrari, Lamborghini na Maserati. Mwaka 1965 Michelin ilitoa XAS, tairi ambalo kashata za upande wa nje hazikufanana na za upande wa ndani. Baadaye ikafuata XWX, lililotengenezwa kwa magari ya kasi kubwa zaidi.

Marekani nayo ilikuwa na ladha yake. Firestone Wide Oval ya mwaka 1967 ilileta tairi pana na fupi kwa magari ya vijana, na BFGoodrich Radial T/A ikajulikana kwa herufi zake nyeupe ubavuni. Mwaka 1984 gari la Corvette lilitoka na Goodyear Eagle ambalo kashata zake zilitokana na matairi ya mvua ya mashindano ya Formula 1. Wamarekani waliliita "mgongo wa mamba", na aliyeliona hakuhitaji kuelezwa kwa nini.

Pengine tairi linalozungumzwa zaidi ya yote ni Pirelli P7. Lilitengenezwa mwaka 1974 kwa ajili ya gari la mashindano la Lancia Stratos, likiwa na ubavu mfupi kuliko ilivyozoeleka na mshipi wa ziada wa nailoni wa kulizuia lisitanuke kwa kasi. Porsche ikalichukua kwa 911 Turbo. Mwaka 1978 Lamborghini ikatoa Countach LP400 S likiwa na P7 za 345/35 R15 nyuma, yaani tairi lenye upana wa milimita 345 juu ya rimu ya inchi 15.

Wapenzi wa Safari Rally wanaikumbuka Stratos kwa sababu nyingine. Mwaka 1975 magari mawili ya aina hiyo yalimaliza mashindano hayo katika nafasi ya pili na ya tatu, nyuma ya Peugeot 504 ya Ove Andersson.

Si suala la sura tu

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini mwenye gari la mwaka 1970 asifunge tairi la kisasa likaisha? Jibu la kwanza ni kwamba gari na tairi lake vilibuniwa pamoja. Wahandisi walipopanga springi, shokamzoba na usukani wa gari la wakati huo, walikuwa na tairi fulani mkononi. Tairi lile lilikuwa na ubavu mrefu na lilianza kuteleza taratibu, kwa mwendo wa kadiri, likimpa dereva nafasi ya kurekebisha. Tairi pana la leo hushika zaidi, lakini hufanya usukani kuwa mzito, huongeza mzigo kwenye beringi na viungo ambavyo havikukusudiwa kuubeba, na linapoachia huachia kwa mwendo mkubwa zaidi.

Jibu la pili ni vipimo. Magari ya leo yamehamia kwenye rimu za inchi 17, 18 na zaidi. Matairi mapana ya inchi 15 yaliyovaliwa na magari makubwa ya kasi ya miaka ya 1970 na 1980 hayamo tena katika orodha za kawaida za viwanda. Mwenye Countach hawezi kuingia duka lolote la matairi akauliza 345/35 R15 na kutoka nalo.

Mfano ulio karibu zaidi na wasomaji wetu ni Michelin TRX, tairi lililoanzishwa mwaka 1975. Michelin iliamua kupima rimu zake kwa milimita badala ya inchi. Baadhi ya magari ya Peugeot 505 yalitoka kiwandani na rimu za TRX za milimita 390. Ukigawanya utapata inchi 15 na zaidi ya theluthi moja. Tairi la inchi 15 halipandi katika rimu hiyo, na la inchi 16 halikai. Umbo la ukingo wa rimu nalo ni tofauti. Mwenye gari ana njia mbili tu: kuagiza TRX linalotengenezwa hadi leo kwa wapenzi wa magari ya zamani, au kubadili rimu zote nne na ya spea.

Biashara inavyoendeshwa

Wanaouza bidhaa hii wamegawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza ni wenye majina wenyewe. Pirelli ina safu inayoitwa Collezione, na Michelin ina safu yake ya magari ya zamani. Hawa wanazo kumbukumbu za michoro ya asili. Za Pirelli zinahifadhiwa na Fondazione Pirelli mjini Milano. Kundi la pili ni wafanyabiashara waliobobea, kama Coker Tire ya Chattanooga, Tennessee, iliyoanzishwa mwaka 1958, na Longstone ya Uingereza, ambao kazi yao ni matairi ya magari ya zamani.

Gharama inatokana na kalibu. Kila kipimo cha tairi kinahitaji kalibu yake ya chuma, ambamo mpira mbichi hubanwa na kupikwa kwa joto kali mpaka ukapata kashata na maandishi yake. Kalibu ya tairi la gari dogo la kawaida huzaa matairi maelfu kwa maelfu, na gharama yake hugawanyika mpaka isionekane. Kalibu ya tairi la Countach huzaa matairi machache, na kila mnunuzi hubeba fungu kubwa la gharama hiyo. Hii ndiyo sababu bei haishuki hata pale ambapo teknolojia ni ya miaka 50 iliyopita.

Somo lililomo humo linawahusu wenye viwanda vya kila aina. Mali iliyobaki na thamani haikuwa shehena ya matairi yaliyokaa ghalani, hayo yaliharibika. Iliyobaki na thamani ni michoro. Kiwanda kilichotunza michoro kiliweza kurudi sokoni baada ya miaka 30 au 40 na kuuza upya jina lake. Kilichotupa makaratasi kiliachia wengine nafasi hiyo.

Ni vizuri kusisitiza kuwa matairi haya mapya hayatengenezwi kwa mpira wa zamani. Kashata na umbo ni vya wakati ule, lakini mchanganyiko wa mpira ni wa leo, hasa kwa ajili ya kushika barabara yenye maji. Mteja ananunua sura ya mwaka 1974 na usalama wa sasa.

Hatari ya mpira mzee

Mahali ambapo soko hili linaweza kumuumiza mtu ni pale anapoletewa tairi "la asili", lenye kashata kamili, kwa maelezo kwamba halikutumika. Mpira huzeeka hata ukiwa umelala. Hewa, joto na jua huula kidogo kidogo; hukauka, hupoteza unyumbufu, na gundi inayoshikanisha matabaka ya ndani hudhoofika. Ufa wa nje unaweza kuonekana au usionekane. Tairi la namna hiyo huweza kumeguka uso wake lote mara moja gari likiwa katika mwendo.

Novemba 30, 2013 mwigizaji wa sinema Paul Walker alifariki dunia huko Santa Clarita, California, akiwa abiria katika gari la Porsche Carrera GT. Wachunguzi walieleza kuwa chanzo cha ajali kilikuwa mwendo wa kati ya maili 80 na 93 kwa saa, sawa na kilomita 130 hadi 150 hivi, katika barabara inayoruhusu maili 45. Lakini walieleza pia kuwa matairi ya gari hilo yalikuwa na umri wa zaidi ya miaka tisa, na kwamba umri huo ungeweza kupunguza uwezo wake wa kushika barabara. Lilikuwa gari la thamani kubwa, lakini matairi yake yalikuwa yamezeeka.

Jambo hili halimhusu tajiri wa California peke yake. Kiwanda cha General Tyre cha Arusha kimekuwa kimya kwa miaka mingi, na kile cha Nairobi kilichojulikana kama Firestone East Africa, baadaye Sameer Africa, kilifungwa mwaka 2016. Sehemu kubwa ya matairi yetu sasa husafiri mbali na hukaa maghalani kabla ya kumfikia mnunuzi, na ya mtumba huwa yamekwisha zeeka yalikotoka. Mnunuzi wa kawaida hutazama kashata tu. Akiona si kipara, anatoa fedha.

Ushauri kwa mnunuzi

Kwanza, tafuta tarehe. Ubavuni, mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT, kuna tarakimu nne. Mbili za mwanzo ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lenye 2419 lilitengenezwa wiki ya 24 ya mwaka 2019. Ukikuta tarakimu tatu badala ya nne, tairi hilo ni la kabla ya mwaka 2000. Liache pale pale, hata kama linang'aa.

Pili, kumbuka ushauri wa watengenezaji kama Michelin na Continental: tairi lililofikisha miaka 10 tangu litengenezwe libadilishwe, hata kama kashata zimebaki. Baada ya miaka mitano ya matumizi lifanyiwe ukaguzi na fundi kila mwaka. Usisahau la spea.

Tatu, jifunze alama za zamani. Tairi lililoandikwa 165 HR 15, bila namba ya pili, lina ubavu wenye urefu wa takriban asilimia 80 ya upana wake. Herufi S ilimaanisha kilomita 180 kwa saa, H kilomita 210, na VR zaidi ya 210. Usikubali kubadilishiwa kwa tairi lenye herufi ya chini kwa sababu tu kipimo kinalingana.

Nne, kwa wenye magari ya zamani ambao magari yao hutembea mara chache: tairi lenu litazeeka kabla ya kuisha kashata. Nunueni mkitarajia kutumia miaka kumi na wala si kilomita, na wekeni fedha ya seti inayofuata mapema. Kwa wauzaji watakaoagiza bidhaa hii kwa ajili ya wateja wa Peugeot 505 au wa magari yanayoshiriki East African Safari Classic, mashindano ya magari ya zamani yaliyoanza mwaka 2003, agizeni kwa oda ya mteja aliyekwisha lipa sehemu ya fedha. Shehena ya matairi haya ikikaa dukani miaka mitatu, mnunuzi atakuwa amepoteza miaka mitatu ya tairi lake kabla hata halijafungwa.