Sakania: Mbele ya kununua mashini ya kutoa hewa, angalieni kwanza munafunga kitu gani

Majira ya mvua yakifika, vinkubala na uyoga vinajaa kwenye masoko ya Sakania na Kasumbalesa, na bei inashuka. Kiisha miezi michache bei inapanda, lakini mama muuzishaji mara nyingi hana tena mzigo: umeshika unyevu, umetoka kuvu, ao wadudu wameukula ndani ya gunia.

Mashini ndogo ya kutoa hewa ndani ya sashe inaonekana kuwa dawa. Lakini kikundi kikitosha feza zote za likelemba kwa mashini isiyofaa, kinapoteza mara mbili.

Kuna mashini za namna tatu

Ya kwanza inafunga tu mdomo wa sashe kwa moto, haitoi hewa. Ndiyo ya bei ya chini. Ya pili inafyonza hewa kupitia mdomo wa sashe, lakini inaomba sashe za pekee zenye mistari ndani, na bei yake iko juu kuliko sashe laini. Ya tatu ni ya kisanduku: sashe nzima inaingia ndani. Inakubali sashe laini na hata vitu vya majimaji, ila ni nzito, bei kali, na inakula umeme zaidi.

Si kila kitu kinaomba kutolewa hewa

Vinkubala na uyoga mukavu vinavunjika hewa ikitoka. Mununuzi atakuta unga. Kwa hivyo, mashini ya kwanza na sashe nene vinatosha. Samaki wakavu wana miiba yenye kutoboa sashe nyembamba. Karanga zilizokaangwa ndizo zinafaidika sana, sababu hewa inaharibu mafuta yake.

Lakini kutoa hewa si kukausha. Karanga zilizoshika unyevu zinaweza kuwa na sumu ya kuvu, na mashini haiiondoe. Samaki mubichi ao nyama iliyofungwa bila hewa inapaswa kubaki kwenye baridi: mikrobe ya botulisme inakomaa pahali pasipo hewa, na chakula kinaweza kuwa na sumu bila kunuka.

Umeme na hesabu

Mashini iandikwe volti 220. Ile ya 110 itaungua. Kwa siku kuran ya SNEL inakosekana, linganisheni wati zilizoandikwa juu ya mashini na nguvu ya jenereta ao ya mapano ya jua. Ulizeni tena kama waya wa moto na utepe wa teflon vinapatikana Lubumbashi, maana ndivyo vinazeeka mbele.

Kiisha mufanye hesabu. Tuseme sashe ni franka 300, na kitu kilichofungwa kinauzishwa franka 500 zaidi kuliko kisichofungwa: inabaki 200. Mashini ya franka 200 000 itajilipa kiisha pakiti 1 000. Kikundi chenye kufunga pakiti 50 kwa mwezi kitangoja miezi 20.

Etiketi nayo

Etiketi inapaswa kuonyesha jina la kitu, vilivyomo, uzito bila sashe, mutengenezaji na anwani yake, namba ya fungu, tarehe ya mwisho, na namna ya kuchunga. Kifaransa kinahitajika; kwa wanunuzi wa Zambia, ongezeni Kiingereza. Mwenye kuvusha mpaka aulize OCC mbele ya kuchapisha.

Kwa kuanza, etiketi za karatasi na muhuri wa tarehe vinatosha. Mashini ya kuchapa isiyotumia wino wala utepe ni rahisi, lakini jua la sokoni linafuta maandiko yake. Yenye utepe inashika zaidi. Na mizani ya kweli inunuliwe mbele ya yote hayo.

Siku ya kununua, mubebe bidhaa yenu wenyewe. Muuzishaji aifunge mbele ya macho yenu, kiisha mutie sashe ndani ya maji na kuifinya. Mapovu yakitoka, feza zirudi mufukoni.