Kirai kitenzi cha Kihispania: hatua ya kwanza kwa waongoza watalii wa Mlima Meru

Mgeni anayepanda Mlima Meru kupitia lango la Momella, ndani ya Hifadhi ya Taifa Arusha, hupewa maelekezo kabla ya kupiga hatua ya kwanza. Kundi lake husindikizwa na askari wa uhifadhi mwenye silaha, kwa kuwa njia ya kwenda kituo cha Miriakamba hupita katika makazi ya nyati, tembo na twiga. Maelekezo hayo humsaidia mgeni pale tu anapoyaelewa.

Kihispania ni lugha kuu katika takriban nchi 20, zikiwemo Hispania, Mexico, Argentina na, barani Afrika, Guinea ya Ikweta. Ni miongoni mwa lugha sita rasmi za Umoja wa Mataifa na, pamoja na Kiswahili, ni miongoni mwa lugha za Umoja wa Afrika. Kwa Jiji la Arusha, lililo kitovu cha utalii wa ukanda wa kaskazini na makao ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, kuifahamu lugha hiyo ni mtaji wa kazi. Mwanafunzi anayeanza hahitaji kumaliza kitabu kizima cha sarufi ili aeleweke. Anahitaji kwanza kujua namna ya kuunda kirai kitenzi.

Mzungumzaji wa Kiswahili ana nafasi nzuri ya kuanzia. Irabu tano za Kihispania hutamkwa kama za Kiswahili. Aidha, kitenzi cha Kihispania, kama cha Kiswahili, hubeba nafsi ndani yake. Tofauti ni mahali nafsi hiyo inapokaa. Katika neno “tunapanda”, nafsi hutangulia; katika “subimos”, lenye maana hiyo hiyo, nafsi huja mwishoni. Hivyo “subo” ni ninapanda, “sube” ni anapanda, na “suben” ni wanapanda. Kama ambavyo si lazima kusema “sisi tunapanda”, si lazima pia kutaja kiwakilishi “nosotros”, kwani mwisho wa kitenzi umekwisha kueleza.

Kitenzi kisichobeba nafsi, ambacho kwa Kiswahili hutambuliwa kwa “ku-” ya mwanzo, kwa Kihispania hutambuliwa kwa herufi “r” ya mwisho: “caminar” ni kutembea, “beber” ni kunywa, “subir” ni kupanda. Miisho hiyo mitatu, -ar, -er na -ir, ndiyo makundi ya vitenzi vyote vya lugha hiyo.

Kanuni ya msingi ya kirai kitenzi ni kwamba kitenzi cha kwanza hubeba nafsi, na cha pili hubaki na “r” yake. “Queremos descansar” ni tunataka kupumzika. “Puedo caminar” ni ninaweza kutembea. Kosa la kawaida kwa Mswahili hutokana na mazoea ya kusema “tunataka tupumzike”, ambapo vitenzi vyote viwili hubeba nafsi. Akitafsiri neno kwa neno atasema “queremos descansamos”, muundo usiokubalika katika Kihispania. Pale mtendaji anapokuwa mmoja, nafsi hutajwa mara moja tu.

Kwa kanuni hiyo moja, virai vichache huweza kubeba sehemu kubwa ya mazungumzo ya safari. “Vamos a subir” ni tunakwenda kupanda, na hutumika kueleza jambo litakalofanyika baadaye. “Tienen que bajar” ni lazima mshuke. “Hay que caminar despacio” ni inabidi kutembea polepole. “Hay” hutamkwa “ai” na “que” hutamkwa “ke”. Kirai hiki hakitaji nafsi, hivyo hubaki vilevile kwa msikilizaji mmoja au wengi.

Virai viwili zaidi hueleza hali ya tendo. Kwa tendo linaloendelea, kitenzi “estar” hufuatwa na umbo lenye mwisho wa -ando au -iendo: “estamos subiendo”, tuko katika kupanda. Kwa tendo lililokamilika, “haber” hufuatwa na umbo lenye mwisho wa -ado au -ido: “hemos llegado”, tumefika. Kazi inayofanywa na “-me-” katika neno moja la Kiswahili hufanywa hapa na maneno mawili.

Ukanushaji ni mwepesi kwa umbo, kwani neno “no” huwekwa mbele ya kirai. Hata hivyo, hapa ndipo umakini unapohitajika zaidi. Mwongozaji anayetaka kusema “msimsogelee nyati” anaweza kudhani kuwa, kwa kuwa “tienen que” ni lazima, basi “no tienen que” ni katazo. Kwa kawaida “no tienen que acercarse al búfalo” hueleweka kuwa si lazima kumsogelea nyati. Mgeni huachiwa hiari. Katazo ni “no deben acercarse”, hampaswi kusogea, au “no pueden acercarse”, hamruhusiwi kusogea. Silabi “se” mwishoni mwa “acercarse” huonyesha kuwa tendo humrudia mtendaji, kazi inayofanana na ya “-ji-” katika Kiswahili.

Ni muhimu pia kuzingatia heshima. Virai vya kuwaelekeza wageni vilivyotajwa hapa, kama “tienen” na “deben”, vinaafiki kiwakilishi “ustedes”. Wageni wa Amerika ya Kilatini hukitumia kwa watu wote zaidi ya mmoja, na Wahispania hukitumia kwa adabu, hivyo anayeanza anaweza kukitumia kwa wote.

Mlima Meru una urefu wa mita 4,566, na mpandaji anayeumwa kwa sababu ya mwinuko hutakiwa kushushwa mapema. Katika saa hiyo ya usiku, juu ya kituo cha Saddle, tofauti kati ya “pueden bajar”, mnaweza kushuka, na “tienen que bajar”, lazima mshuke, ni ya sehemu ya mwanzo tu. Mwanafunzi aliyejifunza kutofautisha virai hivyo viwili ameshapata somo litakalomfaa kazini.