Lenzi Inayosoma Madoa ya Kinywani

Demoskopi ni uchunguzi unaofanywa kwa kifaa cha mkononi chenye taa na lenzi ambayo kwa kawaida hukuza kitu mara 10. Kifaa hicho kilibuniwa kwa ajili ya ngozi, lakini sasa baadhi ya madaktari hukielekeza pia kwenye midomo, ulimi na ufizi. Utando laini wa kinywa hung'aa kwa mate, na mng'ao huo huficha kilicho chini yake. Kwa hiyo mwanga wa taa huchujwa ili utetemeke katika uelekeo mmoja tu, mng'ao ukaondoka, na rangi pamoja na mishipa myembamba ya damu ikaonekana.

Manufaa yake hudhihirika hasa katika ulimi wa watu wenye ngozi nyeusi, ambao baadhi yao huwa na nukta za kahawia au nyeusi kwenye ncha na kingo za ulimi. Hayo ni maumbile yasiyo na madhara yoyote, ingawa mtu anayeziona kiooni kwa mara ya kwanza huweza kukosa usingizi akidhani ni saratani. Chini ya lenzi, kila nukta hubainika kuwa kinundu cha kawaida cha ulimi kilichozungukwa na ukingo wa kahawia, huku mishipa ya damu ikitawanyika ndani yake kama matawi, hata kinundu kizima kikafanana na ua la waridi. Daktari anayeutambua mchoro huo hana haja ya kumfanyia mgonjwa biopsi, yaani kumkata kinyama cha kupimwa maabara, na kumwepusha mtu na kisu asichokihitaji ni tiba tosha.

Doa la zambarau linalotokea mdomoni mwa wazee, ambalo ni vena iliyotanuka, huthibitishwa kwa njia nyepesi zaidi: likibonyezwa kwa lenzi, damu huhama na doa hufifia.

Hata hivyo, rangi zina maonyo yake. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2011, uliochunguza madoa 140, ulionyesha kuwa eneo lisilo na mchoro wowote, likiwa na rangi ya buluu, kijivu au nyeupe, ndilo la kutiliwa shaka ya melanoma, saratani ya chembe zinazotengeneza rangi ya mwili. Hapo biopsi haikwepeki. Tena kaakaa na ufizi wa juu, ambako melanoma ya kinywa hutokea mara nyingi zaidi, ndiko lenzi hii hufika kwa shida.